Kuteleza Hufundishwa

Sajenti Time alinikamata Machomane
usiku, mvua imekatika punde,
nikiizungusha Kresta ya mjomba
mbele ya duka la simenti lililofungwa.
Hakunipigia kelele. Alizimulika tochi
zile alama mbili nyeusi za matairi,
akazifuata kwa miguu hadi mwisho wake,
hatua mbili kabla ya kizingiti cha mtu.
"Hapa analala mtoto," akasema.
Akaniandikia faini. Nyuma ya risiti
akaandika jina la mahali, na siku: Jumamosi.

Mahali penyewe ni sakafu ya karafuu,
Mtambwe, nje ya msimu.
Mwenyewe kaikodisha mpaka Juni,
sheha katia muhuri, polisi katia saini,
karatasi imebandikwa mlangoni mwa ghala.
Pembezoni magunia ya mchanga, matairi mabovu,
kizima moto, na kijana mmoja
ambaye kazi yake ni mbuzi wasiingie.

Mbarouk alikaa Maskati miaka kumi na minne
akivuta magari yaliyopinduka.
Hana hadithi nyingi. Ana kovu juu ya nyusi
na ndoo ya maji ya sabuni.
Kwanza alinitoa ndani ya gari.
Nikakagua matairi kwa kidole, nikakaza nati,
nikatoa kila kisichofungwa: jeki, chupa,
tasbihi ya mjomba iliyoning'inia kiooni.
Helmeti ilinuka jasho la wenzangu.
Mkanda akauvuta yeye, mpaka nikakohoa.

"Gari hii nguvu zake ziko nyuma, kama punda.
Ukimkera kidogo, hurusha teke.
Ukimkera sana, unamtafuta wewe."
Kisha akamwaga sabuni.

Saa nzima sikupita gia ya pili.
Duara moja, koni moja, mwendo wa baiskeli.
Mafuta kidogo, mkia ukaondoka,
nami nikakanyaga breki kama mtu aliyeona nyoka,
gari ikazunguka, ikasimama
imetazama ilikotoka.
Mara ya pili vilevile. Ya tano.
Ya tisa, koni ilikwenda na bampa.
"Unatazama nini?"
"Koni."
"Basi utaipata. Macho yapeleke unakotaka kwenda,
mikono ina adabu, itafuata."

Sijui ilikuwa ya ngapi.
Mkia ulipokwenda kulia niliuacha uende,
sukani ikajizungusha viganjani, kulia nao,
mguu haukupanda wala haukushuka,
nikaitazama njia kwa dirisha la ubavuni
na dunia ikapita mshazari:
ghala, mbuzi, sajenti kwenye kiti cha plastiki,
na kimya, kimya ndani ya makelele yale.
Pengine sekunde nne.
Katika nyufa za simenti moto wa mpira
ukaamsha harufu ya karafuu za mwaka jana.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Hawakusema kwamba baina ya hayo mawili
mna chumba, chembamba,
na kwamba mtu anaweza kulipa elfu kumi na tano
akafundishwa kukaa humo.

Mbarouk hakupiga makofi. Alinyoosha kidole:
tairi, nyuzi zimechungulia. "Leo basi."
Nikaomba mara moja tu, ya mwisho.
"Hizo za mwisho," akasema,
"ndizo nilizokuwa nikizivuta Maskati."

Tukabadili matairi. Tukafagia sakafu,
tukaimwagia maji safi mara tatu,
kwani karafuu zitarudi, na karafuu hazitaki sabuni.
Sajenti alinitazama mpaka nikafunga mkanda.

Njia ya Chake ilikuwa tupu, imelowa, nyeusi,
kona baada ya kona ikiniita kwa jina.
Nilikwenda mwendo wa arubaini.
Mbele yangu ikatokea gari ya ng'ombe
imejaa mihogo, mwenyewe amesinzia.
Sikupiga honi.